UZI: Ubongo na ugonjwa wa Alzheimer, kwa wanafunzi tunaokwenda kuwatembelea wazee Bombo

KijanaWaMulago

Wakuu salaam. Kundi letu la kujitolea sasa lina watu wa kila aina: wa sheria, wa uhasibu, wa ualimu, na sisi wachache wa udaktari. Tutakuwa tunawatembelea wazee majumbani mwao Bombo, hapa Uganda, na vijiji vya jirani, na baadhi yao kumbukumbu zimewatoka. Kwenye kikao mmoja aliuliza: "Tukimkuta mzee haelewi chochote, tunakaa naye tukifanya nini?" Jibu lake linaanzia ndani ya fuvu. Mafunzo mengi niliyoyaona ni orodha za "fanya hiki, usifanye kile", na mimi siyapendi. Ukijua sehemu gani ya ubongo imeumia na ipi bado nzima, mengine utayapata mwenyewe palepale sebuleni kwa mzee.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Bombo ni mji wa Wanubi na wanajeshi, na mbele ya wazee wengi wa pale Kiswahili kinafika mbali kuliko Kiingereza.

Haya. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4 hivi. Ni kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yote, hata ukiwa umelala. Ndani yake mna seli za neva zipatazo bilioni 86, pamoja na seli nyingine nyingi za kuzihudumia: za kuzilisha, za kuzikinga, za kuzoa taka. Hizo za kuzoa taka msizisahau, nitazirudia.

Seli ya neva ina mwili, ina matawi ya kupokea habari, na ina mkia wa kupeleka habari kwa wenzake. Habari hupita mkiani kwa umeme. Ikifika mwisho inakuta mwanya mwembamba mno, na mahali hapo panaitwa sinapsi. Kwa kawaida umeme hauvuki pale. Seli humwaga kemikali, kemikali inavuka, na seli ya pili ikiipokea nayo inawasha umeme wake. Mojawapo ya kemikali hizo ni asetilikolini. Tukifika kwenye dawa mtaikuta tena. Kujifunza kwa sehemu kubwa ni kuimarika kwa sinapsi hizi, na kusahau mara nyingi ni kudhoofika au kupotea kwake.

Sasa ramani. Nyuma kabisa ya kichwa ndiko ubongo unakotafsiri yale macho yanayoyaona. Pembeni, usawa wa masikio, ni kusikia na kuelewa maneno. Juu kuelekea nyuma ni kujua vitu viko wapi, mkono wako uko wapi, shati linaingia upande gani. Mbele, nyuma ya paji la uso, ni kupanga, kupima mambo, kujizuia usiseme kila kinachokujia. Chini kwa nyuma kuna ubongo mdogo unaosimamia mizani ya mwili, na shina la ubongo linaloendesha pumzi na moyo bila kukuuliza.

Ndani zaidi, upande wa masikio, kuna hipokampasi, moja kulia na moja kushoto. Fikirieni karani wa masjala: habari ya leo inapita mezani kwake kwanza, anaiandikisha, kisha taratibu inahamia kwenye kabati za juu, yaani gamba la nje la ubongo. Karani akiugua, barua mpya hazisajiliwi, lakini mafaili ya zamani bado yapo kabatini. Jirani ya hipokampasi kuna amigdala, inayoshughulika na hofu na hisia nyingine kali.

Tulijuaje haya? Mengi yalitoka kwa mtu mmoja, Henry Molaison wa Marekani. Mwaka 1953 alikuwa na kifafa kisichosikia dawa, daktari akamtoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Kifafa kilipungua, ila tangu siku ile hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya za matukio. Mtafiti Brenda Milner alimfuatilia kwa miaka mingi. Alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Siku baada ya siku mkono ulizidi kuwa hodari, na kila siku Henry alisema hajawahi kuiona kazi hiyo. Alifariki mwaka 2008. Kwa hiyo kumbukumbu za mikono zina njia yake, na kumbukumbu za matukio zina njia yake. Mtu asiyejua amekula nini mchana anaweza bado kusuka mkeka, kumenya matooke (ndizi za kupika) na kuyafunga kwa majani yake, au kuswali rakaa zote.

Nipumue kidogo. Maswali?

WakiliMtarajiwa

Mkuu, asante, hata sisi wa sheria tumefuata. Bibi yangu Luweero anasimulia vita vya 1979 kwa mpangilio kabisa: Wakombozi (waliomng'oa Idi Amin) walipitia wapi, nani alikimbilia wapi, mbuzi wangapi waliibwa. Lakini ukitoka chumbani ukirudi anakuuliza umefika saa ngapi. Watu nyumbani wanasema anajifanya.

KijanaWaMulago

Hajifanyi, dada. Ya 1979 yalishatoka kwa karani zamani, tena yaliingia na hofu, na hofu huandika kwa wino mzito. Ameyasimulia miaka arobaini na zaidi, na kila akisimulia yanakazwa upya. Kuingia kwako chumbani saa tisa hakukuandikishwa popote. Si kwamba anashindwa kulitafuta faili, halijafunguliwa. Ndiyo maana kumwambia "si nilishakwambia!" hakumsaidii kitu, kunamwachia uchungu tu.

Sasa Alzheimer yenyewe. Mwaka 1901 huko Frankfurt, Ujerumani, mama mmoja wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter aliletwa hospitalini. Alikuwa na wivu usio na sababu, anapotea ndani ya nyumba yake, anaficha vitu, anashindwa kutaja jina la chakula alichokuwa akila. Daktari Alois Alzheimer aliandika mazungumzo yao neno kwa neno. Mama yule alifariki Aprili 1906, na Alzheimer akauchunguza ubongo wake kwa hadubini. Alikuta gamba la ubongo limesinyaa, na mambo mawili ya ajabu: madoa kati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Aliyatangaza Novemba 1906 mjini Tübingen, wenzake hawakushtuka sana. Mwaka 1910 Emil Kraepelin ndiye aliyeupa ugonjwa jina la Alzheimer kitabuni mwake.

Madoa yale tunajua leo ni mabonge ya protini iitwayo beta-amiloidi. Nyuzi ni protini nyingine, tau, ambayo kazi yake halali ni kushikilia reli ndogondogo za kusafirishia vitu ndani ya mkia wa seli. Tau ikiharibika inaachia reli, inajisokota, seli inakosa usafiri na mwisho inakufa. Zile seli za kuzoa taka zinajaribu kusafisha, zikizidiwa zinageuka kuwasha uvimbe unaoumiza hata seli nzima. Nani alianza, amiloidi au tau au uvimbe, wanasayansi bado wanavutana. Kinachokubalika ni kwamba amiloidi huanza kujikusanya miaka 15 hadi 20, au zaidi, kabla mtu hajaonyesha dalili. Mzee unayemwona na miaka 75 anasahau, ubongo wake ulianza kuugua pengine wakati angali analima ekari zake mwenyewe.

Sehemu ninayotaka mshike ni hii: tau haienei ovyo. Mwaka 1991 Heiko na Eva Braak walichora njia yake. Kwa kawaida inaanzia kwenye kipande cha gamba kilicho mlangoni mwa hipokampasi, inaingia hipokampasi, inasambaa pembeni kwenye maneno, juu nyuma kwenye mahali na mwili, kisha mbele kwenye kupima na kujizuia. Maeneo ya kuona moja kwa moja na ya kuamrisha misuli huguswa mwishoni.

Fuateni njia hiyo mtaona tabia zinajieleza. Kile kipande cha mlangoni ndicho chenye seli za kupima mahali ulipo. Ugunduzi wa seli hizo na za hipokampasi ulipata Tuzo ya Nobel ya 2014. Basi usishangae mzee akipotea kwenye njia ya kisimani aliyoipita maisha yake yote. Maneno yakiguswa anasema "kile kitu" kwa kila kitu. Juu nyuma pakiguswa anavaa shati kinyume, anashindwa kukaa kitini bila kupapasa. Mbele pakiguswa, jjajja (babu) mpole aliyekuwa mzee wa kanisa anatukana mbele ya wajukuu, au anatoka bila nguo. Familia inasema kaingiwa na pepo au karogwa na mke mwenza. Wewe uliyesoma uzi huu unajua ugonjwa umefika nyuma ya paji la uso.

Mzee_Arua

Kijana, nimesoma yote bila kuruka. Umeandika vizuri. Lakini mimi nina miaka sabini na mbili, na zamani hatukuwa na jina hilo. Mzee akizeeka akili zinarudi utotoni, tunamtunza, anakufa kwa heshima. Hizi Alzheimer si magonjwa ya wazungu wanaoishi miaka tisini?

KijanaWaMulago

Shikamoo mzee. Nusu ya maneno yako nayakubali. Hapa kwetu watu wengi ni watoto na vijana, kwa hiyo ugonjwa wa wazee hauonekani upesi, na waliougua walitunzwa bila jina.

Lakini si wa wazungu. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia, yaani kuporomoka kwa akili kwa ujumla, na zaidi ya asilimia 60 yao wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Alzheimer ndiyo chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya demensia yote. Nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo na sababu nyinginezo.

Na uzee peke yake si ugonjwa. Kusahau miwani iko wapi ni uzee. Kuishika miwani usijue ni ya nini, hapo kuna jambo. Wewe mzee wangu umesoma uzi mrefu kwenye simu na ukajibu hoja moja baada ya nyingine, sina wasiwasi nawe.

Kuna utafiti mmoja unaogusa hoja yako. Waliwalinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Matokeo yaliyotoka 2001 yalionyesha wagonjwa wapya wa Alzheimer Ibadan walikuwa chini ya nusu ya wale wa Indianapolis kwa idadi ileile ya wazee. Upungufu upo, lakini ugonjwa pia upo.

SistaMbarara

Naomba niingilie, mimi ni muuguzi huku magharibi na jambo hili linanikera. Watoto wa chuo wakishasoma Alzheimer wiki moja, kila mzee wanayemkuta ana Alzheimer. Wanafunzi, ninyi HAMTOI jina la ugonjwa. Kazi yenu ni kuona na kusema. Kuna mambo mengi yanayofanana nayo, na baadhi yanatibika.

La kwanza: amebadilika lini? Kama jana alikuwa mzima na leo hajui yuko wapi, analala mchana anapiga kelele usiku, akili zinakuja zinaondoka, hiyo si Alzheimer. Huenda ni malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo, kukaukiwa maji, sukari kushuka. Huyo anakwenda kituo cha afya LEO. Mzee anaweza asiwe na homa kabisa na bado akawa na maambukizi.

La pili: ameanguka? Mzee aliyeangushwa na boda akaamka akajipangusa, wiki kadhaa baadaye anaanza kuchanganyikiwa na kuburuta mguu. Hapo huenda damu inavuja polepole chini ya fuvu. Inapasuliwa, mtu anarudi kwao.

La tatu: VVU. Watu wanadhani wazee hawana. Virusi huingia ubongoni, na dalili zake mara nyingi ni uzito wa kufikiri na wa mwendo kuliko kusahau kwenyewe. Kuna kipimo kifupi cha kitandani cha kuchuja demensia ya VVU ambacho kilijaribiwa Kampala na Marekani, kikachapishwa 2005: kugonga vidole haraka, kufuatisha miondoko ya mkono kwa mpangilio, kukumbuka maneno manne. Hakihitaji kujua kusoma. ARV, dawa za VVU, zinasaidia. Kaswende ya zamani nayo inafika ubongoni na inatibiwa kwa penisilini.

Kisha upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, na huzuni. Mzee aliyezika mtoto akanyamaza, hali, halali, hajibu, watu wanasema kapoteza akili kumbe moyo umevunjika. Na dawa! Angalieni kile kikaratasi cha dawa chini ya mto. Piriton ya mafua, amitriptilini ya kulala na maumivu, zote zinaizuia ile asetilikolini aliyoitaja kijana. Mwenye akili dhaifu ukimpa hizo unamzidishia. Msimwachishe dawa ninyi, mwambieni mhudumu wa afya wa kijiji (VHT) au muuguzi.

KijanaWaMulago

Sista, webale nnyo, asante sana. Hayo nilikuwa nayawekea kipande cha mwisho, umeyasema kuliko ningeyasema.

Niongeze kuhusu vipimo, maana mmoja wetu amechapisha fomu kutoka intaneti anataka tubebe. Tuiache. Swali la kwanza ni "leo ni tarehe ngapi", kwa bibi asiyekuwa na kalenda ukutani. La pili "chora saa", kwa mtu asiyewahi kushika kalamu. Na lile maarufu "nani rais wa nchi" ndilo la kuchekesha kabisa: hapa rais ni yuleyule tangu Januari 1986, jibu lake limekaa kabati ya juu kwa miaka hiyo yote. Mgonjwa wa kati atalipata bila shida. Wataalamu wenye kujua mazingira yetu hutumia vipimo vilivyoundwa kwa wasiosoma, na humhoji pia ndugu anayeishi naye. Ukitaka kujua kama mambo mapya yanaingia, sikiliza tu maongezi: anajua kilo ya sukari ni bei gani siku hizi? Anajua nani kazikwa kijijini hivi karibuni? Lakini usimhoji. Mtu akishajua anapimwa anaona aibu, na aibu anaihisi vizuri sana.

Mama_Afande

Mimi si mwanafunzi, nimeletwa hapa na mdogo wangu. Ninaishi na baba mkwe, alikuwa jeshini tangu ujana wake. Kiingereza kimemtoka, hata Luganda anachanganya, kimebaki Kiswahili cha kambini. Jua likianza kuzama anasimama anatafuta viatu, anasema zamu yake imefika, atachelewa paredi. Mume wangu alikuwa anamwambia "Baba, ulistaafu, vita viliisha, mama alikufa." Ee! Kila siku analia kifo cha mke wake upya. Mimi nikaacha. Namwambia, "Afande, zamu imebadilishwa, leo uko mapumziko." Ananipigia saluti, anakaa.

Shida yangu ni nyingine. Mimi ni mke wa mwanawe. Kwa Waganda mke wa mwana hamgusi baba mkwe, hata kupishana mlangoni tunapishana kwa adabu. Nani atamwogesha? Mume wangu yuko kazini Juba. Mtoto wangu wa kiume ana miaka kumi na mmoja.

Mzee_Arua

Mama, pole sana. Lakini kumwambia zamu imebadilishwa si uongo? Mzee hadanganywi.

Mama_Afande

Mzee wangu, nilikuwa na wazo kama lako. Kaa naye jioni moja.

KijanaWaMulago

Mzee Arua, hoja yako hata walezi wa Ulaya wanaibishania. Mimi naona kuna njia kati ya uongo na kumtonesha. Anaposema zamu imefika, hapo kuna hisia: anataka kuwa wa maana, anaogopa kulaumiwa. Unaweza kumjibu hiyo hisia: "Afande, ulikuwa kambi gani? Kamanda wenu alikuwa mkali?" Hujasema uongo, naye anaingia kwenye mafaili yake mazima na anasahau viatu. Isipofaa, basi zamu ibadilishwe. Ni bora kuliko kumfiwisha mke kila magharibi.

Hiyo ya jioni ni jambo linalojulikana sana kwenye ugonjwa huu. Saa ya ndani ya ubongo inaharibika, mwanga unapungua, vivuli vinamtisha, na amechoka. Washeni taa mapema, mchana apate jua na kutembea, chai ya majani isimfikie jioni. Lugha nayo inaeleweka: kwa wengi lugha za baadaye hupungua na ile ya ujana hubaki mbele. Ndiyo maana nasisitiza Kiswahili, wakuu. Wenye Kinubi ndio dhahabu kabisa.

Na kuhusu kuogesha, mama, umetupa kazi ya kweli. Nitakuja na jibu chini.

Boda_wa_Bwaise

Dawa ipo au haipo? Kuna mtu redioni anauza ya mitishamba anasema inarudisha akili ndani ya mwezi.

KijanaWaMulago

Kaka, anayeahidi hivyo anataka pesa yako.

Zilizopo ni hizi. Donepezili, iliyoidhinishwa Marekani 1996, na wenzake rivastigmini na galantamini, huizuia asetilikolini isivunjwevunjwe haraka, basi ile kidogo iliyobaki inakaa zaidi kwenye sinapsi. Memantini inatumia njia nyingine, kwa hali ya kati na kali. Zinaweza kumpa mtu nafuu ya muda, kwa wengine hakuna tofauti. Seli zinaendelea kufa.

Mpya ni lekanemabu (2023) na donanemabu (2024), kingamwili za kutiwa kwa mshipa zinazofagia amiloidi. Kwenye jaribio kubwa la lekanemabu la miezi 18, kuporomoka kulipungua kasi kwa kama asilimia 27. Haikurudisha kumbukumbu. Inawafaa walio mwanzoni tu, wanapigwa picha za ubongo (MRI) tena na tena kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu, na bei yake kwa mwaka ni dola maelfu. Kwa mzee wa Bombo anayeishi kwa ruzuku ndogo ya wazee kutoka serikalini, tusidanganyane.

Kwenye kuzuia ndiko mkulima wa kawaida anaweza kufanya kitu. Tume ya jarida la The Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14, ikakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Sitayataja yote. Kwetu naona makubwa ni shinikizo la damu na kisukari visivyotibiwa katika umri wa kati, pombe kali (waragi, mnanielewa), kuumia kichwa, upweke, na watoto kutopelekwa shule. Masikio pia: mzee asiyesikia anajitenga, ubongo unakosa kazi. Wewe wa boda, kofia yako ngumu na ile ya abiria ni dawa ya Alzheimer kuliko ya yule wa redioni.

Binti_Kitgum

Umetaja tau. Huku kwetu watoto waliugua ugonjwa wa kutikisa kichwa. Niliwahi kusikia walikuta tau. Ni Alzheimer ya watoto?

KijanaWaMulago

Hapana dada, si Alzheimer. Ni kweli utafiti wa 2018 uliochunguza ubongo wa vijana 5 waliofariki kwa ugonjwa huo kaskazini ulikuta tau iliyosokotana, lakini bila amiloidi, na mpangilio wake ulikuwa tofauti. Wengine wanauhusisha ugonjwa na minyoo ya usubi, na mjadala haujafungwa. Tau ni protini ya kawaida inayoharibika kwa njia nyingi. Mabondia waliopigwa sana kichwani nao hukutwa nayo.

WakiliMtarajiwa

La mwisho kutoka kwangu. Bibi anayo, mama mkubwa ameanza. Mimi je?

KijanaWaMulago

Alzheimer ya kurithi moja kwa moja, ile ya jeni za APP, PSEN1 au PSEN2, ni nadra sana na huanza mapema, mara nyingi kabla ya miaka 65. Bibi yako amefika themanini na ushee, haifanani. Kuna jeni nyingine, APOE aina ya 4, ambayo inaongeza uwezekano bila kuamua. Kwa Waafrika nguvu yake imeonekana ndogo kuliko kwa wazungu. Kule Ibadan walipata uhusiano dhaifu mno. Usipoteze usingizi. Mpime mama mkubwa shinikizo la damu, B12 na tezi kwanza, kama Sista alivyosema.

SistaMbarara

Na picha? Mwaka fulani wanafunzi walikuja kijiji kimoja huku, kesho yake jjajja wa watu yuko kwenye simu za nchi nzima akiwa nusu uchi.

KijanaWaMulago

Hakuna simu kutolewa ndani ya nyumba. Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 inalinda heshima ya mgonjwa, na WakiliMtarajiwa atatusomea vifungu kikaoni. Mzee akikubali saa nne na akakataa saa tano, amekataa.

Mengine mafupi kabla hatujaondoka. Tunapitia kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1) na VHT kwanza, hatuvamii nyumba. Simama mbele ya mzee usawa wa macho yake, taja jina lako kila unapoingia, hata kama ulitoka kuleta maji tu. Usiseme "unanikumbuka?" Sentensi moja, jambo moja, kisha subiri, jibu linaweza kuchukua muda na ukimya huo usiujaze. Mpe mikono kazi: kuchambua maharage, kukunja nguo, kushika tasbihi. Akikasirika ghafla, tafuta kwanza maumivu, njaa au haja ndogo, maana huenda amekosa neno la kukwambia. Na mkae na mlezi pia. Mara nyingine msaada mkubwa ni kumwambia yule mama aende akalale saa mbili, ninyi mpo.

Tunakutana Kawempe barabara ya Bombo, asubuhi saa moja, ili tufike kabla wazee hawajachoka. Kwa ajili ya Mama_Afande na wengine wenye mkwaruzo huohuo wa ukwe, nahitaji wavulana wa kujifunza kumwogesha mzee kitandani. Sista amekubali kutufundisha kwa simu ya video. Waliojiandikisha mpaka sasa ni wasichana watupu. Wavulana, majina yenu kwenye ujumbe wa faragha, leo.

Boda_wa_Bwaise

Mimi si mwanafunzi lakini nilimwogesha babu yangu mpaka mwisho. Niandike. Pikipiki ninayo, mafuta mnaweka ninyi.